Nani Ameiona?

Kalausi, kile kisulisuli cha vumbi, ilitokea upande wa mashamba ya mpunga, saa tisa alasiri, nyembamba kama moshi wa jiko. Tulidhani itapita kando. Ilipofika uani ilikuwa imenenepa. Ikabeba beseni, ikabeba magunia mawili matupu, ikakivaa kibanda cha kuku, ikang'oa bati moja na kulitupa juu ya ua wa michongoma. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Kuku hawakufurahi. Haikupita dakika moja likabaki vumbi tu, likishuka polepole juu ya chai yetu.

Baba mkwe wangu alifunika kikombe chake kwa kiganja na kuendelea na hadithi aliyokuwa akisimulia. Amelima mpunga kwenye skimu ya Ahero tangu ujana wake. Kimbunga cha vumbi mwezi wa Februari si habari kwake.

Usiku stima ikapotea. Tukatoa viti nje, na anga ya Kano ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Hapo ndipo mdomo uliniponza. Mkwe akikaa na mzee gizani, kimya kikirefuka, hutafuta cha kusema.

"Mzee, unajua kuna nyota inaitwa Kalausi?"

Akageuka. Nikamweleza kwamba mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa kila nchi nafasi ya kuitaja nyota moja na sayari yake. Kenya ilipewa nyota ambayo hadi wakati huo ilikuwa namba tu, HD 83443, na majina yaliyoshinda yalitoka kwenye Kijaluo. Nyota ikaitwa Kalausi. Sayari inayoizunguka ikaitwa Buru, yaani vumbi.

Mzee alicheka sana. "Buru inazunguka kalausi. Huyo aliyechagua amekaa huku."

Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikanyoosha kidole kusini, kushoto kwa Suheli, ile nyota kali inayowaka peke yake, juu kidogo ya ukingo wa mwembe. Pale kuna kundi linaloitwa Vela, tanga la jahazi. Mzee akatazama kidole, akatazama anga.

"Siioni."

"Haionekani kwa macho, mzee. Mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka 130 kutufikia. Inataka darubini."

"Sawa. Na hiyo Buru, wenye darubini wanaiona?"

"Hapana. Mwanga wa nyota unaifunika."

"Basi nani ameiona?"

Nikajibu bila kufikiri: "Vipimo vimeiona, mzee."

Hakubisha. Alisema tu "haya", ile haya fupi ya mtu anayekuachia mzigo wako, akaanza kuzungumzia bei ya mbolea.

Mimi mate yalikuwa yamenikauka. Jibu hilo nilikuwa nimewahi kulitoa.

## Nyota inayoyumba

Kwa wiki kadhaa baada ya kurudi Nakuru nilisoma usiku kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kazi yangu ni hesabu za watu, sina shahada ya sayansi, na nilichotaka ni jibu la kumpelekea mzee. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jibu lipo, na ni zuri. Mfikirie mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa kumshika mikono. Mtoto ndiye anayepaa, lakini mtu mzima naye huegemea nyuma, na nyayo zake huchora kaduara vumbini. Mtoto akimezwa na giza, ukabaki unamwona mtu mzima peke yake akiyumba vile, utajua kashika kitu. Tena ukijua uzito wake, ukapima anavyoyumba, utakadiria uzito wa mtoto.

Nyota huyumba hivyohivyo. Ikija upande wetu, mwanga wake husogea kidogo kuelekea bluu. Ikirudi nyuma, husogea kuelekea nyekundu. Ni kama honi ya lori inavyobadilika sauti likikupita pale Awasi. Kalausi huja na kurudi kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde, na hurudia mchezo huo kila baada ya muda usiotimiza siku 3. Wanaastronomia wa Geneva waliligundua hilo mwaka 2000 kwa darubini ya Waswisi iliyoko La Silla, Chile. Kitu kinachoivuta nyota hivyo kina uzito, kwa uchache, unaozidi theluthi moja ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za Jua letu. Mwaka wa huko ni mfupi kuliko safari ya lori la mzigo kutoka Mombasa hadi Malaba likikutana na foleni.

Hapo ujue Dunia yetu inalivuta Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde. Kobe anakwenda hivyo. Ndiyo maana sayari kubwa zilizobanana na nyota zao zilinaswa mwanzo, na pacha wa Dunia anasumbua mpaka leo.

Ya kwanza kunaswa kwa njia hiyo, kwenye nyota inayofanana na Jua, ilikuwa 51 Pegasi b. Michel Mayor na Didier Queloz waliitangaza Oktoba 1995, na mwaka 2019 wakapewa Nobel. Nilichokipenda mimi ni miezi iliyotangulia. Vipimo vilisema kuna kitu kikubwa cha kuikaribia Mshtarii, kinachoizunguka nyota kwa siku 4 na kidogo. Mshtarii wetu hutumia karibu miaka 12. Nani angekubali? Nyota yenyewe ikafichwa na Jua kwa muda. Wakasubiri. Walipiga hesabu mapema ya namna nyota itakavyokuwa ikiyumba itakaporudi angani Julai, wakaenda kuipima. Ikawa vile walivyoandika.

Leo idadi ya sayari za nje ya mfumo wetu zilizothibitishwa imepita 6,000. Zilizopigwa picha ni chache mno. Zilizobaki, karibu zote, zimejulikana kwa yumbayumba au kwa pungufu ya mwanga.

Pungufu.

Neno hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu Ahero, na nilizunguka vitabu vyote hivyo ili nisilifikie.

## Misumari

Mwaka 2011 nilikuwa karani wa hadiwea moja hapa Nakuru. Kila wiki ya pili, siku ya Jumamosi, mali na pesa zilikataa kulingana. Pungufu zenyewe zilikuwa ndogo: kilo tatu za misumari, kilo nne, siku nyingine mfuko mmoja wa saruji. Nikachora kwenye daftari la miraba. Jumamosi tambarare, Jumamosi shimo, Jumamosi tambarare, Jumamosi shimo. Mashimo sita yaliyopangana kama meno.

Niliipenda ile chati. Niseme ukweli, nilijiona fundi.

Kwenye kaunta kulikuwa na kijana mmoja mpole, mwenye tabia ya kumwongezea mteja msumari mmoja hata baada ya mizani kutulia. Nilimpelekea tajiri ile karatasi. Tajiri akamwita kijana stoo, nami nikiwepo. Kijana aliitazama chati kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliniona?"

Tajiri hakujibu. Nilijibu mimi.

"Daftari limekuona."

Aliondoka siku ileile bila mshahara wa mwezi. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya pipa la rangi.

Jumamosi mbili baadaye kaunta ilikuwa na mtu mwingine, na shimo likarudi.

Mwaka huo nilikuwa naposa. Kila wiki ya pili, Jumamosi saa saba mchana, nilifunga daftari na kukimbilia matatu ya kupitia Kericho nishuke Ahero. Mali ya stoo ilihesabiwa jioni na mtu mwingine. Pesa za alasiri niliziandika mwenyewe Jumatatu. Misumari ilitoka Jumamosi, pesa zake zikaingia kitabuni Jumatatu. Jumatatu zile zilikuwa na ziada, nami niliziita biashara nzuri.

Ratiba ya mwizi ilikuwa ratiba yangu ya uchumba.

Nilirekebisha uandikaji. Mashimo yakaisha. Tajiri alipouliza, nilimwambia mambo yametulia. Sikudanganya, ukitaka kubishana.

## Nusu mwaka

Sasa unaelewa kwa nini swali la mzee lilinikaa rohoni. Halikuwa swali la sayari tena. Kama mimi, kwa hesabu safi na chati iliyonyooka, nilimwona mtu ambaye hayupo, hawa wenzangu wa Geneva wananizidi nini? Ala nzuri zaidi? Ala nzuri hukosea kwa desimali nyingi zaidi, basi.

Kwa siku kama kumi nilikuwa karibu kukubali kwamba Buru ni vumbi kweli.

Kisha nikakutana na habari za Andrew Lyne.

Lyne alikuwa Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio cha Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1991 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamepata sayari inayozunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, yanayojizungusha upesi na kutupiga kwa mawimbi ya redio kama mapigo ya moyo. Mapigo yale yalikuwa yakiwahi na kuchelewa kwa zamu, na zamu moja ilikamilika kwa miezi sita. Dunia nzima ikafurahia. Hakuna aliyekuwa amethibitisha sayari nje ya mfumo wetu kabla ya hapo.

Miezi sita. Mtu wa daftari akisikia muda ulio nusu kamili ya mwaka wetu wenyewe, nywele zinapaswa kumsimama.

Mapema mwaka 1992 Lyne alikuwa aeleze ugunduzi huo mbele ya mkutano wa wanaastronomia mjini Atlanta, Marekani. Siku chache kabla, akirudia hesabu, akaona kosa. Mahali pa ile pulsa angani palikuwa pameandikwa vibaya kidogo. Kwa kawaida kosa kama hilo huleta yumbayumba ya mwaka mzima, na hujitambulisha lenyewe. Lakini kwenye sehemu moja ya hesabu njia ya Dunia kulizunguka Jua ilichukuliwa kuwa duara kamili, na njia yetu si duara kamili. Makosa mawili yakashikana mikono, yakazaa sayari ya miezi sita. Kilichokuwa kikiyumba ni sisi.

Angeweza kutuma barua. Angeweza kuugua mafua. Alipanda jukwaani mbele ya mamia ya watu wa kazi yake, akaeleza hatua kwa hatua alivyokosea, akasema sayari haipo. Ukumbi ukasimama na kumpigia makofi.

Kwenye mkutano uleule Aleksander Wolszczan naye alikuwa na pulsa yake. Yeye na Dale Frail walikuwa wamepata sayari mbili, kwa darubini ya Arecibo kule Puerto Rico, na mahali pa pulsa yao walikuwa wamepapima upya kwa darubini nyingine kabla ya kufungua mdomo. Zile zipo mpaka leo. Ndizo za kwanza.

Nilisoma kisa hicho mara tatu, nikaenda kunywa maji.

Makofi yale ndiyo yaliyonigeuza. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kusema "nilikosea" mbele ya watu na kazi yake ikapata nguvu. Na nikitafuta nikaona mambo hayo ni ya kawaida kwao. Kalausi yenyewe ilitangaziwa sayari mbili mwaka 2000. Ya pili ilisemekana ni ndogo kuliko Zohali, na mwaka wake ni kama mwezi wetu mmoja. Mwaka 2002 kundi jingine likapima kwa vyombo vyake, likaikosa. Ikafutwa. Buru ikapimwa na makundi yote mawili, ikabaki.

Kwa hiyo jibu la mzee nilikuwa nalo. Buru imeonwa na watu waliotafuta kwa bidii namna ya kuikana, wakashindwa. Daftari langu nililifungia kwenye droo, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Lakini jibu hilo lilinidai kitu kingine.

## Gilgil

Mwezi wa Aprili nilikuwa na kazi ya hesabu Naivasha. Jina hilo nalo limepanda mbinguni, ingawa wengi wetu hatujui. Mwaka 2023 nyota ndogo nyekundu iitwayo GJ 1214 ilipewa jina Orkaria, na sayari yake Enaiposha, kwa Kimaasai, kwa pendekezo lililotoka Kenya. Enaiposha ni maji mengi, ziwa. Naivasha ni neno hilohilo lililopondwa na ndimi za Waingereza. Orkaria ni udongo mwekundu, na ukitazama kule Olkaria mvuke unavyofuka kutoka ardhini utadhani jina lilichaguliwa na fundi wa mitambo. Maana Enaiposha, iliyogunduliwa mwaka 2009 kwa darubini ndogo tu zenye kioo cha sentimita 40, ni sayari ya joto na ukungu. Darubini ya James Webb imeikuta ina nyuzi zipatazo 280 upande wa mchana, chini ya utando mzito unaorudisha mwanga mwingi. Watu wamebishana miaka mingi kama imejaa maji. Bado hakuna aliyepigiwa makofi.

Hiyo ilinaswa kwa pungufu. Kila baada ya saa 38 mwanga wa Orkaria hushuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, kwa sababu kitu kinapita mbele yake. Tambarare, shimo, tambarare, shimo.

Wakati wa kurudi nilishuka Gilgil. Nilikuwa nimeambiwa, na mtu tuliyefanya naye kazi zamani, kwamba yule kijana ana duka lake la misumari na rangi. Nililipata. Amenenepa, ana mvi mbili tatu kidevuni. Alinitambua kabla sijafika kaunta.

"Karibu, karani."

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Naivasha. Ilipotea yote. Nikaomba kilo mbili za misumari ya mabati. Akaanza kupima, na mikono yake ikiwa kazini nikasema, "Zile Jumamosi. Hakuna kilichoibwa. Nilikuwa naandika pesa za alasiri siku ya Jumatatu. Niliona kosa wiki mbili baada ya wewe kuondoka, nikanyamaza."

Mizani ilitulia. Akaongeza msumari mmoja.

"Kwamba sikuiba nilikuwa nalijua," akasema. "Hilo la kunyamaza ndilo sikulijua."

Akafunga misumari kwenye gazeti, akanirudishia chenji mpaka shilingi ya mwisho. Nilimwuliza kama yule tajiri bado yuko hai. Akasema yuko. Nikasema nitakwenda kwake pia na kumweleza. Akainua mabega. Mteja mwingine alikuwa ameingia akitaka brashi.

Kwa tajiri nilikwenda Jumatatu iliyofuata. Hakumkumbuka kijana.

## Bati

Pasaka tulikwenda Ahero. Mvua zilikuwa zimeanza, vumbi limelala, na bati la kibanda cha kuku lilikuwa bado limeegemezwa ukutani likinisubiri mimi, mkwe mwenye mikono miwili. Nikapanda juu. Mzee akasimama chini na kopo la misumari.

Nikamweleza kila kitu: nyota inayoyumba, yule Mwingereza wa Atlanta, yule kijana wa Gilgil na safari zangu za Jumamosi zilizonileta kwenye ua huu huu. Alisikiliza bila kunitazama. Alikuwa akichagua misumari iliyonyooka.

"Sasa Buru ipo," akasema.

"Ipo, mzee."

"Na ile ya pili, iliyofutwa. Nayo ilikuwa imepewa jina?"

"Hapana. Ilikuwa na herufi tu."

Akafikiri kidogo, akanipa msumari.

"Na kijana wa watu anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina polepole, mara mbili, kama mtu anayetaka kulishika, kisha akasema nipigilie kwanza upande wa magharibi, upepo hutokea huko.